Abraham Lincoln na Amana ya Uongozi

Kila mtu aliyekabidhiwa madaraka makubwa hukutana na swali moja ambalo hawezi kulikwepa. Mambo ya nchi ni mengi, na siku haina zaidi ya saa 24. Hawezi kuyaona yote kwa macho yake wala kuyatenda yote kwa mikono yake. Ni lazima awe na mawaziri, majemadari, makatibu na washauri. Basi ni mambo gani awaachie hao wayaamue, na ni yapi ayashike mwenyewe? Akishika kila kitu, kazi itamlemea, na watu wake watakuwa kama vivuli. Akiachia kila kitu, atabaki na jina la ukubwa tu, na watawala wa kweli watakuwa wengine.

Islam imelipa jambo hili uzito mkubwa. Sura nzima ya Kurani Tukufu, sura ya 42, yaitwa Shura, maana yake mashauriano. Na mahali pengine katika Kitabu hicho Mtume Mtukufu s.a.w. anaamrishwa ashauriane na wenzake, kisha akiisha kuazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Hapo mna hatua mbili: kuna kushauriana, na kuna kuazimia. Wengi wetu hushika hatua moja na kuisahau ya pili.

Leo, ndugu msomaji, nakuomba tuyatazame maisha ya mtu ambaye hakuwa Mwislamu, lakini ambaye hatua hizo mbili zaonekana wazi katika kazi yake. Mtu huyo ni Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa Marekani. Hekima popote ilipo yafaa kuchukuliwa.

Malezi yake

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky. Mwaka 1816 wazazi wake walihamia Indiana, na mwaka 1818 mama yake alifariki dunia, naye mtoto alikuwa na umri wa miaka tisa tu. Siku zote alizokaa darasani katika maisha yake, ukizijumlisha, hazikufika mwaka mmoja. Alilima, akakata miti, akafanya kazi ya ukarani dukani, na usiku akasoma vitabu vya kuazima. Kwa njia hiyo alijifundisha sheria, na mwaka 1836 akapata kibali cha kuwa wakili katika jimbo la Illinois.

Alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo hilo, na kuanzia mwaka 1847 hadi 1849 alikaa katika Bunge la Washington. Baadaye aligombea kiti cha Seneti asipate. Mpaka anachaguliwa kuwa Rais, tarehe 6 Novemba 1860, hakuwahi kuwa gavana wala waziri, na hakuwahi kuongoza idara yoyote ya serikali. Wakati huo watu wapatao milioni nne walikuwa watumwa katika nchi yake, na kabla hajaapishwa tarehe 4 Machi 1861, majimbo saba ya Kusini yalikuwa yamekwisha kujitenga. Hakupewa hata siku moja ya kujifunza kazi kwa utulivu.

Aliwachagua waliomshinda kwa sifa

Mtu asiye na uzoefu, akiingia mahali pakubwa, kwa kawaida hujizungushia rafiki zake. Lincoln hakufanya hivyo. Katika mkutano wa chama chake uliofanyika Chicago mwezi wa Mei 1860, alikuwa amewashinda watu wenye majina makubwa kuliko lake: William Seward wa New York, Salmon Chase wa Ohio, na Edward Bates wa Missouri. Kila mmoja wao aliamini kwamba yeye ndiye aliyestahili kuwa Rais. Hao hao aliwaita katika Baraza lake. Seward alimfanya Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Chase akawa Waziri wa Fedha, na Bates akawa Mwanasheria Mkuu.

Kisha yuko Edwin Stanton. Mwaka 1855 Stanton na Lincoln waliajiriwa pamoja kama mawakili katika kesi moja kubwa iliyosikilizwa Cincinnati. Stanton alimdharau, akamweka kando kama mtu wa shamba asiyefaa kusimama mbele ya mahakimu. Hata hivyo mwezi wa Januari 1862, Wizara ya Vita ilipohitaji mtu hodari na asiyekula rushwa, Lincoln alimteua Stanton. Dharau aliyotendewa aliijua, lakini wizara haikuwa mali yake binafsi hata aigawe kwa kufuata uchungu wa moyo wake.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi jambo hili lilivyo gumu kwa nafsi. Mshauri aliye rafiki hutuambia tunayopenda kuyasikia. Mshauri anayejiona bora kuliko sisi hutuudhi, lakini mara nyingi yeye ndiye anayeziona dosari zetu.

Mshauri aliyetaka kuushika usukani

Kuwachagua watu wenye nguvu kuna hatari yake, na Lincoln aliiona katika mwezi wake wa kwanza. Ngome ya Sumter, katika bandari ya Charleston, ilikuwa imezingirwa na watu wa Kusini, na chakula cha askari waliokuwamo kilikuwa karibu kwisha. Tarehe 15 Machi 1861 Rais aliwataka mawaziri wake waandike maoni yao: je, yafaa kupeleka chakula? Watano kati ya saba walipinga. Hakukata shauri siku hiyo. Aliwatuma watu wakaone hali ilivyo, akaendelea kuuliza na kupima, na tarehe 29 Machi alipowauliza tena, wengi walikuwa wamegeuka na kuunga mkono. Akaamuru chakula kipelekwe.

Siku tatu baadaye, tarehe 1 Aprili, Seward alimwandikia Rais waraka wa ajabu. Alidai kwamba serikali haikuwa na siasa iliyo wazi, akapendekeza mambo ambayo yangeweza kuleta ugomvi na mataifa ya Ulaya, na akadokeza kwamba yeye yu tayari kuubeba mzigo wa uongozi. Kwa maneno mengine, alimtaka Rais awe Rais wa jina tu.

Mtawala mwingine angemfukuza mara moja, au angeogopa na kukubali. Lincoln alimjulisha kwa upole kwamba siasa ipo, na kwamba lolote lipasalo kutendwa na Rais, Rais mwenyewe atalitenda, huku akipenda kupata ushauri wa mawaziri wake wote. Waraka ule hakuutangaza, wala hakumwaibisha Seward mbele ya watu. Tangu hapo Seward akamjua bwana wake. Akawa rafiki yake wa karibu, na mambo ya nchi za nje yakaachwa mikononi mwake kwa sehemu kubwa. Alipewa uhuru mwingi baada ya kuujua mpaka wake.

Kazi alizoziachia, na jambo aliloshika

Mambo ya fedha Lincoln hakudai kuyajua. Chase ndiye aliyesimamia mikopo ya vita, noti za karatasi zilizohalalishwa kwa sheria ya Februari 1862, na sheria ya mabenki ya taifa ya mwaka 1863. Rais alimwachia nafasi pana. Gideon Welles aliachiwa manowari. Stanton aliachiwa majeshi, chakula chake na usafiri wake.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hakumwachia mtu, nalo ni suala la utumwa. Tarehe 30 Agosti 1861, Jemadari John Frémont aliyekuwa Missouri alitangaza, bila kumwuliza Rais, kwamba watumwa wa waasi katika jimbo hilo wako huru. Watu wengi waliochukia utumwa walimshangilia. Lincoln alimwomba airekebishe amri yake. Frémont akakataa mpaka apewe agizo la wazi. Basi akapewa. Mwezi wa Mei 1862 Jemadari David Hunter naye alitoa tangazo la namna hiyo kwa majimbo matatu, na Lincoln akalitangua, akieleza kwamba uamuzi wa namna hiyo ni wake mwenyewe, nao hauwezi kuachwa kwa makamanda walioko vitani.

Huenda ukauliza, ndugu msomaji: je, huyu hakuuchukia utumwa? Aliuchukia, naye alikuwa amesema hivyo hadharani kwa miaka mingi. Lakini aliogopa kwamba tangazo likitolewa kabla ya wakati wake, majimbo ya mpakani yenye watumwa, hasa Kentucky, yangevuka na kujiunga na Kusini, na vita ingepotea pamoja na tumaini la watumwa wenyewe. Waliomlaumu kwamba anakawia walikuwa na haki ya kulaumu, kwa kuwa kila mwezi uliopita ulikuwa mwezi mwingine wa minyororo kwa mamilioni ya watu. Yeye alijua hivyo, na kwa sababu hiyo hakumtupia mtu mwingine lawama ya kukawia.

Siku ya kuazimia

Tarehe 22 Julai 1862 aliliita Baraza lake, akawasomea rasimu ya Tangazo la Ukombozi. Aliwaambia tangu mwanzo kwamba jambo lenyewe amekwisha kuliazimia, wala hawaiti ili walipigie kura, bali anataka kuyasikia maoni yao juu ya namna ya kulitekeleza. Stanton na Bates walitaka litangazwe upesi. Montgomery Blair aliogopa kwamba chama kingeshindwa katika uchaguzi. Seward akaleta hoja ambayo Rais hakuwa ameifikiria: majeshi ya Kaskazini yalikuwa yameshindwa mara kadhaa, na tangazo likitoka wakati huo, ulimwengu utalidhani ni kilio cha serikali inayokufa. Afadhali kungojea ushindi.

Lincoln alilipokea shauri hilo, akaiweka karatasi yake mezani akangoja. Tarehe 17 Septemba majeshi mawili yalikutana Antietam, katika jimbo la Maryland. Kwa siku moja watu wapatao 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea, na jeshi la Kusini likarudi nyuma. Siku tano baadaye Rais aliwaita tena mawaziri. Aliwaeleza kwamba alikuwa ameweka ahadi kwa Mungu: adui akifukuzwa Maryland, atalitoa tangazo lile. Akawasomea, akayakubali masahihisho machache ya maneno, na tarehe 22 Septemba 1862 likatolewa. Tarehe 1 Januari 1863 likaanza kutumika katika majimbo yaliyokuwa yakiasi.

Hapo waziona zile hatua mbili kwa ukamilifu. Ushauri wa Seward ulibadili wakati na ukaliokoa tangazo lisidharauliwe. Hata hivyo Seward hakuazimia, wala Baraza halikuazimia. Mtu mmoja aliazimia, naye alikuwa tayari kuulizwa na watu wake na kuulizwa na Mola wake.

Karatasi za watu 303

Mwaka huo huo lilitokea jambo jingine lisilosimuliwa mara nyingi. Katika jimbo la Minnesota, Wahindi Wekundu wa kabila la Dakota, waliokuwa na njaa na waliocheleweshewa malipo waliyoahidiwa kwa mikataba, walipigana na walowezi, na mamia ya walowezi waliuawa. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 303 kunyongwa. Kesi nyingine zilisikilizwa kwa dakika chache tu, na washtakiwa hawakuwa na mawakili. Wakuu wa jeshi na wa jimbo walitaka hukumu zitekelezwe haraka.

Lingekuwa jambo rahisi kwa Rais kusema kwamba majemadari wamekwisha kuamua. Badala yake aliagiza apelekewe kumbukumbu zote za kesi. Aliwapa mawakili wawili kazi ya kuzisoma kwa makini na kuwatenga walioua au kuwanajisi raia na wale waliopigana vitani tu. Kisha yeye mwenyewe akaandika kwa mkono wake majina ya watu 39. Mmoja wao baadaye akaahirishiwa hukumu. Tarehe 26 Desemba 1862 watu 38 walinyongwa mjini Mankato. Hakuna siku nyingine katika historia ya Marekani ambayo watu wengi kiasi hicho walinyongwa pamoja kwa hukumu.

Sikuelezi habari hii ili umsifu. Wazao wa watu wale wanaikumbuka siku hiyo kwa majonzi, na wako wanaosema kwamba kesi zilizoendeshwa vile hazikustahili kumwua hata mtu mmoja. Nakueleza ili uone uzito wa jambo lenyewe. Aliigawa kazi ya kusoma; kalamu iliyotoa uhai wa watu hakuigawa. Zaidi ya watu 260 walisalimika na kitanzi kwa sababu mtu mmoja, katika mwezi wenye shughuli nyingi mno, alikataa kutia sahihi asichokijua.

Lawama aliibeba mwenyewe

Alama ya pili ya kiongozi ni namna anavyotenda mambo yakiharibika. Simon Cameron, aliyekuwa Waziri wa Vita kabla ya Stanton, aliendesha ununuzi wa vifaa kwa ovyo, na Bunge likamlaani. Cameron alikuwa amekwisha kuondolewa, na Rais angeweza kunyamaza. Lakini mwezi wa Mei 1862 alilipelekea Bunge ujumbe akieleza kwamba katika pilikapilika za mwanzo wa vita, Rais mwenyewe na wakuu wengine wa serikali walihusika sawa na Cameron katika makosa yaliyotokea.

Mwezi wa Desemba mwaka huo, baada ya jeshi kushindwa vibaya huko Fredericksburg, Maseneta wa chama chake walimtaka amfukuze Seward. Habari kwamba Seward anamtawala Rais na kwamba Baraza halishauriwi zilikuwa zimetoka kwa Chase. Lincoln aliwakutanisha Maseneta na mawaziri katika chumba kimoja, Seward akiwa hayupo, akawauliza mawaziri kama ni kweli hawashauriwi. Mbele ya wenzake Chase hakuweza kuyasimamia maneno yake. Kesho yake akaleta barua ya kujiuzulu. Seward naye alikuwa amekwisha kuleta yake. Rais alizikataa zote mbili, akabaki na wote wawili, kwa maana aliwahitaji wote wawili.

Mwezi wa Juni 1864 Chase alijiuzulu tena, na safari hii akakubaliwa. Hata hivyo mwezi wa Desemba mwaka huo Lincoln alimteua kuwa Jaji Mkuu wa Marekani, kwa kuwa aliona kwamba ndiye anayefaa.

Kumpata wa kumwamini

Katika mambo ya vita Lincoln alitaabika sana. Hakuwa askari, naye aliazima vitabu vya elimu ya vita akavisoma. Jemadari George McClellan alijua kulifunza jeshi, lakini hakupenda kuliingiza vitani. Baada ya kuvumiliwa muda mrefu, aliondolewa mwezi wa Novemba 1862. Waliomfuata, Burnside na Hooker, walishindwa. Katika miaka hiyo Rais alikwenda karibu kila siku katika chumba cha simu cha Wizara ya Vita, akisoma habari zilizofika kutoka vitani na kutuma maagizo.

Huko magharibi alikuwako Ulysses Grant, ambaye hakuomba maneno mengi bali alifanya kazi. Grant alipouteka mji wa Vicksburg, tarehe 4 Julai 1863, Lincoln alimwandikia barua akikiri kwamba katika sehemu moja ya mpango ule yeye Rais alidhani Grant amekosea, na kumbe Grant ndiye aliyekuwa sahihi. Mwezi wa Machi 1864 akamfanya mkuu wa majeshi yote. Na mwishoni mwa Aprili akamwandikia tena kwamba ameridhika naye, wala hataki kuijua mipango yake kinaganaga.

Uhuru huo haukuwa uzembe. Alimpa mtu aliyekwisha kumpima kwa miaka miwili. Na ule uhuru pia ulikuwa na mpaka: mwezi wa Machi 1865 Grant aliagizwa asijadiliane na adui juu ya mambo ya siasa na masharti ya amani. Mambo hayo yalikuwa ya Rais.

Mwisho wake

Tarehe 31 Januari 1865 Bunge lilipitisha badiliko la Katiba la kuufuta utumwa katika nchi nzima. Nalo liliidhinishwa na majimbo ya kutosha tarehe 6 Desemba mwaka huo. Lincoln hakuiona siku hiyo. Alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akafa asubuhi ya pili yake, akiwa na umri wa miaka 56. Vita ilikuwa imekula roho za watu zaidi ya laki sita.

Ndugu msomaji, huenda wewe si rais wala waziri. Lakini yawezekana wewe ni baba wa nyumba, au mwalimu mkuu, au mwenyekiti wa kijiji, au katibu wa jumuiya. Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, na kila mchungaji ataulizwa juu ya wale aliowachunga. Basi wape wenzako kazi, wala usiwabane katika yale wanayoyajua kuliko wewe. Uliza kabla ya kukata shauri, na uwaulize hasa wale ambao majibu yao yanakuudhi. Ukiisha kusikia, kata shauri mwenyewe na umtegemee Mwenyezi Mungu. Na mambo yakienda vibaya, usimtafute mtu wa kumtwika. Kazi yaweza kugawanywa kwa watu kumi, lakini siku ya kuulizwa kila mwenye amana ataitwa kwa jina lake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujalie viongozi wenye masikio ya kusikia na mioyo ya kuazimia, na atusaidie sisi sote katika amana zetu, ziwe kubwa au ndogo. Amin.